Vipepeo Wahamao na Macho ya Wananchi

Kipepeo monaki wa Amerika Kaskazini, Danaus plexippus kwa jina la kitaalamu, ana uzito wa nusu gramu hivi. Kila mwaka, kati ya mwisho wa Agosti na Novemba, mamilioni yao huondoka kusini mwa Kanada na kaskazini mwa Marekani na kuruka hadi kwenye milima ya katikati ya Mexico, safari inayoweza kuzidi kilomita 4,000. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupita njia hiyo. Aliyeiona milima hiyo mara ya mwisho katika ukoo wake ni bibi wa bibi yake, na huyo alikwisha kufa zamani. Vizazi vya kiangazi huishi wiki chache tu, vikizaa na kufa huku vikisogea kaskazini kidogo kidogo. Kizazi cha mwisho wa msimu huahirisha kuzaa, huishi miezi minane au tisa, na ndicho kinachosafiri.

Kumlinda mdudu wa namna hii kunadai majibu ya maswali yanayoonekana mepesi: wako wangapi, wanapita wapi, wanafia wapi. Nyumbu wa mbugani huhesabiwa kwa ndege ndogo siku chache, kazi ikaisha. Monaki leo yuko Ontario, Kanada, baada ya miezi miwili yuko Michoacán, Mexico, na hapo katikati ametawanyika juu ya mashamba, barabara na bustani za nusu ya bara. Hakuna chuo wala wizara yenye fungu la mishahara la kuweka mtu katika kila mji ulioko njiani. Ndiyo maana utafiti wa vipepeo wahamao umejengwa juu ya migongo ya watu wasiolipwa: walimu na wanafunzi wao, wastaafu, wakulima, wenye bustani nyuma ya nyumba. Kazi hiyo huitwa sayansi ya wananchi. Si kupenda vipepeo tu. Ni kukusanya takwimu kwa utaratibu uliokubaliwa, ili takwimu za mtu wa Texas ziweze kuwekwa kando ya zile za mtu wa Minnesota na kulinganishwa.

Chanzo chake kwa upande wa monaki ni mume na mke wa Toronto, Fred na Norah Urquhart. Tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, Fred alikuwa akitafuta namna ya kumtia kipepeo alama itakayodumu. Vibandiko vya kwanza vya karatasi na gundi vilibanduka mvua iliponyesha, na ilichukua miaka ya kujaribu na kukosea kabla hawajapata kibandiko kilichoweza kushika kwenye bawa. Kibandiko kilipopatikana, tatizo likawa mikono. Watu wawili wangetia alama vipepeo wangapi? Mwaka 1952 Norah aliandika makala ya kuomba wasaidizi, na kutoka hapo ukazaliwa mtandao wa mamia ya watu waliokuwa wakibandika namba kwenye mabawa na kutuma taarifa Toronto kwa posta. Kila kibandiko kilichookotwa mbali kilitiwa kwenye ramani, na mistari ya ramani hiyo ikawa inaelekea kusini-magharibi, kupitia Texas, kisha inapotelea Mexico.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Norah aliandika katika magazeti ya Mexico kuomba msaada huko pia. Aliyejitokeza ni Ken Brugger, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi nchini humo, akishirikiana na Catalina Aguado, mzaliwa wa Michoacán. Januari 1975 wawili hao waliyakuta makundi ya monaki kwenye mlima Cerro Pelón, katika misitu ya miti ya oyamel iliyoko karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, matawi yakiwa yameinama kwa uzito wa vipepeo. Wenyeji walikuwa wakiwajua vipepeo hao tangu enzi, kwani huwasili kila mwaka karibu na Siku ya Wafu. Wasichojua ni kule walikotoka. Kilichogunduliwa, kwa hiyo, si mahali bali uhusiano kati ya ncha mbili za safari. Uthibitisho ulipatikana Januari 1976, Fred Urquhart alipofika mlimani mwenyewe na kukuta, kati ya vipepeo walioanguka chini, mmoja mwenye kibandiko. Kilikuwa kimebandikwa Agosti iliyotangulia huko Chaska, Minnesota, na mwalimu na wanafunzi wake wawili.

Leo kazi ya vibandiko inaendeshwa na Monarch Watch, mradi ulioanzishwa mwaka 1992 na Orley Taylor katika Chuo Kikuu cha Kansas. Namna inavyofanyika inafaa kuelezwa kwa karibu, maana thamani ya takwimu imo katika vitendo vidogo. Aliyejitolea humnasa kipepeo kwa wavu wa mpini, kisha humshika mabawa yakiwa yamefungwa pamoja, kwa vidole viwili, pasipo kumfuta vumbi la magamba. Hutazama bawa la nyuma: dume ana doa jeusi juu ya mshipa mmoja, jike hana. Kibandiko cha mviringo, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, huwekwa upande wa chini wa bawa la nyuma, kwenye kijisehemu kikubwa cha katikati kinachofanana na glavu ya mtoto, na kukandamizwa kwa sekunde mbili tatu. Huwekwa hapo kwa sababu ni karibu na kiini cha uzito, hivyo hakimpindishi kipepeo anaporuka. Kisha huandikwa namba ya kibandiko, tarehe, mahali, jinsia, na kama kipepeo alikamatwa porini au alifugwa kutoka yai. Baada ya hapo mkono hufunguliwa. Mwenye kukosea tarehe au kusahau kuandika jinsia amebandika bure.

Nusu ya pili ya kazi hufanyika Mexico, na kwa kawaida husimuliwa haraka mno. Kila majira ya baridi, wanavijiji na waongoza wageni wa maeneo ya hifadhi hupekua maelfu ya vipepeo waliokufa chini ya miti, wakitafuta duara lile dogo jeupe. Monarch Watch hununua vibandiko hivyo. Bila macho yao, vibandiko vya Kansas vingeozea msituni. Hata hivyo mtu wa Kansas anayebandika huitwa mwanasayansi raia, ilhali mwanakijiji wa Michoacán anayeokota huitwa mwenyeji. Ukipima kwa kazi, tofauti hiyo haina msingi. Na upande huo wa safari una hatari ambazo mpenda bustani wa kaskazini hazijui: Homero Gómez González, msimamizi wa hifadhi ya El Rosario aliyepigana na ukataji haramu wa misitu, alitoweka Januari 2020 na mwili wake ukapatikana mwishoni mwa mwezi huo huo.

Vibandiko husema kipepeo alitoka wapi na kufika wapi. Havisemi kwa nini idadi inapungua, na hapo ndipo ilipo shida kubwa ya uhifadhi. Huko Mexico monaki hawahesabiwi vichwa. Wataalamu hupima ukubwa wa msitu waliofunika. Majira ya baridi ya 1996–97 walifunika zaidi ya hekta 18. Mwaka 2013–14 walifunika hekta 0.67 tu, na 2024–25 hekta 1.79. Kujua mahali wanapopotelea kulihitaji miradi mingine, na mmojawapo ni ule wa kufuatilia viwavi, ulioanzishwa katikati ya miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Minnesota chini ya Karen Oberhauser. Kiwavi wa monaki hula mimea ya jamii ya asklepia pekee, magugu yenye utomvu mweupe wenye sumu. Waliojitolea huchagua kipande cha ardhi chenye mimea hiyo na kukirudia kila wiki, wakigeuza jani baada ya jani. Huandika idadi ya mimea waliyoikagua, mayai, na viwavi kwa kila hatua ya ukuaji kati ya hatua tano. Kati ya mayai kumi, hata moja ni bahati likifika kuwa kipepeo.

Kazi hii isiyo na mvuto wowote ndiyo iliyotoa ushahidi mzito. Mwaka 2013 John Pleasants na Oberhauser walichapisha utafiti uliounganisha vipimo vya mashamba ya Iowa na kumbukumbu za waliojitolea. Walikadiria kwamba kati ya 1999 na 2010 mimea ya asklepia katika eneo la kati-magharibi mwa Marekani ilipungua kwa asilimia 58, na uzalishaji wa monaki katika eneo hilo kwa asilimia 81. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo yenye funzo. Asklepia iliyokuwa ikiota katikati ya mahindi na soya ilikuwa ikipata karibu mara nne ya mayai kwa kila mmea kuliko ile ya kando ya barabara na mbugani. Mahindi na soya yaliyobadilishwa vinasaba ili yahimili dawa ya magugu ya glifosati yalipoenea, wakulima waliweza kunyunyizia dawa shamba zima bila kuogopa mazao. Yakafa magugu yale yale ambayo vipepeo waliyapenda kuliko mengine.

Maelezo hayo yalipata wapinzani. Baadhi ya watafiti walisema idadi ya monaki wakati wa kiangazi haijapungua kiasi hicho, na kwamba wanakufa njiani wakielekea kusini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ukiongozwa na Michael Crossley, ulitumia hesabu za kila mwaka za chama cha vipepeo cha Amerika Kaskazini tangu 1993 na kukuta kuwa kwa ujumla monaki wa kiangazi hawakupungua, bali waliongezeka kidogo. Taylor na wenzake, kwa upande wao, walikuwa wamechambua mwaka 2020 rekodi za vibandiko zaidi ya milioni moja. Hoja yao ilikuwa rahisi: kama vifo vya njiani vimeongezeka, sehemu ya vibandiko vinavyofika Mexico lazima ishuke mwaka hadi mwaka. Hawakuona kushuka huko. Walichoona ni kwamba ukubwa wa kundi la Mexico hufuata idadi ya waliozaliwa kaskazini. Ubishi haujaisha. La kuzingatia ni kwamba pande zote mbili zinabishana kwa namba zilizokusanywa na watu wasiolipwa, kila upande ukitegemea mpango tofauti. Hesabu za kiangazi hufanywa zaidi mahali watu wanapopenda kutembea, yaani bustani, hifadhi, na pembezoni mwa miji. Katikati ya shamba la mahindi la hekta mia tano hakuna anayekwenda kuhesabu vipepeo Jumapili, na huko ndiko asklepia ilikotoweka. Hesabu inaweza kuwa sahihi kila mahali ilipofanyika na bado isiwakilishe nchi.

Udhaifu huu ndio unaotofautisha miradi mizuri na mibaya, na sehemu ya dawa yake imejulikana tangu mwaka 1976, ulipoanza mpango wa Uingereza wa kuhesabu vipepeo kwa mbinu ya Ernest Pollard. Mhesabuji hupita njia ile ile kila wiki, Aprili hadi Septemba, kwa mwendo wa kawaida, akihesabu tu vipepeo walio ndani ya mita 2.5 kila upande na mita 5 mbele yake. Baridi ikizidi au mawingu yakitanda, haendi. Jambo la maana zaidi ni hili: asipoona kipepeo, huandika sifuri. Mtu anayetuma taarifa siku alizofurahi tu hutoa picha ya furaha yake. Sifuri ya mtu aliyekwenda na kutafuta ni takwimu kamili.

Uzito wa sifuri ulionekana California. Monaki wa magharibi mwa Milima ya Rocky hawaendi Mexico kwa wingi. Hukaa majira ya baridi kwenye miti ya pwani ya Pasifiki, na tangu 1997 wajitoleaji wakiratibiwa na shirika la Xerces huwahesabu mwishoni mwa Novemba. Huenda alfajiri, kabla jua halijapasha moto, vipepeo wakiwa wameshikana kwenye matawi kama majani makavu. Mhesabuji hukadiria idadi katika kishada kimoja na kuzidisha. Mwaka 1997 walihesabiwa milioni 1.2 hivi. Mwaka 2020 hawakufika 2,000 katika pwani nzima, ingawa zaidi ya maeneo 200 yalitembelewa. Kwa kuwa waliotafuta walikuwa wengi, hakuna aliyeweza kusema vipepeo walikuwapo ila hawakuonekana. Mwaka uliofuata walipanda hadi karibu 247,000, na mwaka 2024 wakashuka tena hadi 9,119. Mfululizo huu ni miongoni mwa ushahidi uliotumiwa na idara ya wanyamapori ya Marekani, ambayo Desemba 2024 ilipendekeza monaki aorodheshwe kuwa spishi iliyo hatarini.

Mchango huo wote si mdogo kwa kipimo chochote. Tathmini ya Leslie Ries na Oberhauser ya mwaka 2015 ilikadiria kuwa katika mwaka 2011 pekee wananchi walitumia zaidi ya saa 72,000 kukusanya takwimu za monaki, na kwamba tangu mwaka 2000 karibu theluthi mbili ya tafiti za nyikani kuhusu kipepeo huyo zilitumia takwimu zao.

Lakini nia njema nayo ina madhara, na ni wananchi hao hao waliosaidia kuyafichua. Waliposikia asklepia imepungua, wengi walipanda ile iliyopatikana kwa urahisi madukani, asklepia ya tropiki, Asclepias curassavica. Mmea huu haukauki majira ya baridi katika majimbo ya kusini, kwa hiyo baadhi ya monaki huacha kuhama na kuendelea kuzaliana papo hapo. Mradi wa Sonia Altizer wa Chuo Kikuu cha Georgia, ulioanza mwaka 2006, huwaomba waliojitolea wagusishe kipande cha selotepu safi kwenye tumbo la kipepeo, wakibandike kwenye kadi na kukituma. Maabara hutafuta kwa hadubini spora za kimelea kiitwacho Ophryocystis elektroscirrha, ambacho humfanya kipepeo azaliwe na mabawa yaliyopinda au afe mapema. Sampuli hizo zilionyesha kuwa monaki waliobaki bustanini wanaambukizwa mara kadhaa zaidi ya wahamao. Mmea ukiwa haupukutiki, spora hubaki juu ya majani, na kila kiwavi mpya huzila. Tangu hapo ushauri umekuwa kupanda asklepia za asili za eneo husika au kuikata ile ya tropiki msimu ukiisha, na kaunti kadhaa za California zimepiga marufuku kuiuza.

Ufugaji wa viwavi majumbani una utata wa aina hiyo. Utafiti wa 2019 ulikuta kuwa monaki wa biashara na waliolelewa ndani hushindwa kuelekea kusini wanapojaribiwa; mwingine wa 2021 ukakuta kwamba wakiachiwa nje wengi huupata mwelekeo wao. Kwa darasa la watoto, kiwavi mmoja kwenye chupa ni somo zuri. Kwa kuongeza idadi ya monaki, ni kazi bure ukilinganisha na ekari moja ya asklepia.

Ulaya na Afrika zina msafiri wao, Vanessa cardui, kipepeo wa rangi ya machungwa na madoa meusi. Kwa miaka mingi Waingereza walimwona akiingia kwa wingi majira ya kuchipua, lakini safari ya kurudi haikuonekana, wengine wakaamini kwamba hufia huko huko. Mwaka 2009 walipoingia kwa mafuriko, makumi ya maelfu ya taarifa za wananchi kutoka nchi nyingi ziliunganishwa na vipimo vya rada zinazotazama juu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013 na Constantí Stefanescu na wenzake, yalionyesha kuwa hurudi kusini wakiruka juu sana, kwa wastani zaidi ya mita 500, mahali ambapo jicho halifiki. Mzunguko mzima, kutoka Afrika hadi karibu na Aktiki na kurudi, ni kama kilomita 15,000 na hukamilishwa na hadi vizazi sita. Wananchi peke yao wasingeijua safari ya kurudi. Rada peke yake isingejua ni kipepeo gani inayemwona. Baadaye watafiti wakiongozwa na Gerard Talavera wa Barcelona walithibitisha kuwa vipepeo hao huvuka Sahara na kuzaliana katika savana za kusini mwake. Upande huo wa Sahara ndio wenye wahesabuji wachache kuliko wote.

Afrika Mashariki nayo haikuanza jana. Mmoja wa waasisi wa elimu ya uhamaji wa wadudu, Mwingereza C. B. Williams, alifanya kazi katika kituo cha kilimo cha Amani, Usambara Mashariki, mwishoni mwa miaka ya 1920. Kitabu chake kuhusu uhamaji wa vipepeo kilitoka mwaka 1930, na sehemu kubwa yake ni taarifa alizokusanya kutoka kwa watu wengine duniani kote. Wahamiaji wa hapa wanafahamika kwa macho, hata kama majina yao hayafahamiki: Belenois aurota, weupe wenye mishipa ya kahawia, wanaomiminika baada ya mvua na kupita siku nzima kuelekea upande mmoja, na Catopsilia florella, ambaye viwavi wake hula mimea ya jamii ya mjohoro. Danaus chrysippus, ndugu wa karibu wa monaki, yuko karibu kila kiwanja chenye magugu ya utomvu mweupe. Ujuzi wa watu pia upo. Wanavijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga na kuuza pupa kupitia mradi wa Kipepeo wa Gede tangu 1993, na mfugaji wa huko hutofautisha spishi na miti inayoliwa na viwavi bila kufungua kitabu.

Kinachokosekana ni hesabu ya kila wiki inayorudiwa miaka kumi, ishirini, mahali pale pale. Siku hizi picha za vipepeo wa Afrika hupokelewa na atlasi ya mtandaoni yenye makao Cape Town na programu kama iNaturalist, na picha hizo huonyesha spishi ipo wapi. Kwa mhamaji hazitoshi. Taarifa inayofaa huhitaji tarehe, saa, mahali, upepo unatoka wapi, vipepeo wanaelekea upande gani, na wangapi wanavuka mstari wa mita kadhaa zilizopimwa kwa dakika moja. Kuiandika huchukua muda mfupi kuliko kupiga picha nzuri. Ikikosa mwelekeo, inathibitisha tu kwamba kipepeo alionekana, na haina la kusema kuhusu kuhama kwake.